Rasiberi Nyuma ya Kijumba cha Baba Mkwe

Hebu niambie kwanza, wewe unayenisikiliza: nyuma ya nyumba yako kuna nini? Kama kuna kipande cha ardhi kinachopata jua la asubuhi, na maji hayatuami hapo mvua ikinyesha, basi una nafasi ya kutosha kupanda rasiberi. Usiogope jina. Ni matunda mekundu madogo, kila moja kama shanga nyingi zilizoshikana, ndugu wa yale ya porini yenye miiba ambayo wengi wetu tuliokulia karibu na Mlima Elgon tuliyachuma njiani tukitoka kuteka maji. Nitakueleza jinsi ya kuyapanda na jinsi ya kuyashikilia yasianguke. Ila siwezi kukueleza hayo bila kumtaja baba mkwe wangu, kwa sababu karibu yote ninayoyajua niliyajua mwaka ule tulipokuwa tunahofia kumzika.

Tunaishi Kibomet, hapa Kitale. Mimi ni fundi wa kushona. Nashona sare za shule, na cherehani yangu nimeiweka kando ya dirisha la jikoni, linaloangalia nyuma. Huko nyuma kuna ua wa miti ya kayaba upande mmoja, na upande wa pili kuna kijumba cha mabati chenye chumba kimoja, ambacho zamani tulikuwa tunawekea mahindi. Katikati pana kama hatua ishirini za ardhi ambayo kwa miaka mingi haikuwa na kazi ila kuanikia nguo.

Mwenzangu wa kwaya kanisani ndiye aliyeniletea mbegu. Nasema mbegu, lakini rasiberi haipandwi kwa mbegu. Unapanda machipukizi, yale yanayotoka kwenye mizizi kando ya mmea mkubwa. Aliniletea kumi, ameyafunga mizizi yake kwa gunia lililoloweshwa.

"Panda leo hii," aliniambia. "Hiyo mizizi ikikauka, utakuwa umepanda kuni."

Nilipanda jioni ileile. Hapo sikukosea, na wewe fanya hivyohivyo. Niliinua tuta refu, kwa sababu Kitale mvua ikishika inashika, na mizizi ya rasiberi ikikaa ndani ya maji inaoza. Nikachanganya samadi iliyokaa mpaka ikawa haina harufu. Kati ya mche na mche niliacha hatua moja ndogo, kisha nikafukia mizizi isiingie chini sana. Udongo wa vidole vitatu juu yake unatosha. Juu ya tuta nikatandaza mabua makavu ya mahindi ili unyevu usikimbie. Kama mahali pako palikuwa na nyanya au viazi msimu uliopita, tafuta mahali pengine, maana magonjwa yao hubaki udongoni yakingoja mgeni.

Nilikosea kwenye kuishikilia. Kila mche niliupa kijiti chake kimoja, kama tunavyofanya nyanya. Nyanya ina shina moja, ukiishika umeishika. Rasiberi haiko hivyo. Mizizi yake hutoa fito, na kila baada ya muda hutoa fito nyingine, kushoto, kulia, nyuma ya kijiti, hata katikati ya njia. Miezi minne tu, nikawa na fito zinazonipita kimo, nyembamba, zenye miiba midogo, na vijiti vyangu vikiwa vimesimama katikati yake bila kushika chochote. Upepo ulikuja siku moja pamoja na mvua ya mawe. Asubuhi nilikuta zote zimelala, nyingine zimeshika matope.

Ningezisimamisha upya wiki ileile, lakini wiki hiyo mama mkwe wangu alifariki, tukaenda Bungoma.

Sitasimulia mazishi. Nitasema tu kwamba tulipomaliza na wageni wakatawanyika, baba mkwe alibaki peke yake kwenye boma. Wanawe wote wako mbali, na mume wangu ndiye aliye karibu kidogo. Kila tulipopiga simu alijibu kwamba yuko sawa. Jirani yake ndiye aliyetuambia ukweli: mzee hapiki, anachotumiwa anakiacha kwenye meza, shamba lake la miwa limeanza kufunikwa na magugu, na yeye anakaa mlangoni tu kutoka asubuhi. Mume wangu alikwenda kumchukua, akampitisha hospitali. Daktari alimpima kila kitu, hakuona ugonjwa. Alisema mzee apewe sababu ya kuamka.

Mume wangu aliponiambia hayo, alikuwa amesimama mlangoni na kofia yake mkononi. "Akiendelea hivi," alisema, "hatufiki Krismasi naye."

Basi tukamleta Kitale. Lakini hapo pana jambo unalopaswa kulielewa kama hukulelewa kwetu. Kwa desturi yetu, mzazi halali ndani ya nyumba ya mwanawe aliyeoa. Na mkaza mwana na baba mkwe wanaheshimiana kwa umbali: hatupeani mikono, hatukai pamoja, na mimi siingii anapolala. Siyo uadui. Ndivyo tunavyoonyeshana heshima, na tunaishi hivyo vizuri tu. Kwa hiyo tulitoa mahindi kwenye kile kijumba cha mabati, tukakipiga sakafu, tukaweka kitanda, naye akaingia huko. Chakula nilikuwa nakiweka kwenye kigoda nje ya mlango wake, ninapiga hodi, ninaondoka. Baadaye narudi kuchukua sahani.

Ile sahani ndiyo iliyokuwa ikinipa habari zake. Siku za kwanza ilirudi kama nilivyoipeleka, ugali umekatwa kipande kimoja tu pembeni. Niliiangalia mbele ya bomba nikijiuliza nitamwambia nini mume wangu.

Siku ya tano au ya sita, nilikuwa naanua nguo. Mzee alikuwa kwenye kigoda chake mlangoni, anaangalia mbele. Sikudhani anaona kitu. Mara akasema, bila kugeuza uso:

"Mama, hii miti yako imelewa?"

Nikashtuka. "Ati imelewa, baba?"

"Si inalala chini saa nne asubuhi."

Nilicheka mpaka nikaangusha vibanio. Yeye hakucheka, lakini alisogeza kigoda chake mbele kidogo. Nikamweleza, nikiwa nimesimama kule kwenye kamba ya nguo, kwamba ni upepo, na kwamba vijiti vyangu havikufaa kitu.

"Vijiti gani?" aliuliza. "Mimi sioni vijiti. Naona toothpick."

Jioni hiyo alimwambia mume wangu alete nguzo nne za mikaratusi, unene wa mkono wa mtu mzima, na waya. Mume wangu alifurahi mno kuombwa kitu hata akaondoka bila kuuliza ni waya gani, akarudi na seng'enge.

"Hii ni ya nini?" mzee aliuliza.

"Ya kufungia rasiberi, baba. Si waya ni waya?"

"Unataka kufunga matunda ama unataka kufunga ng'ombe? Rudisha, bana. Leta ile laini."

Kazi ile ilimchukua siku nne, na mimi niliitazama kutoka dirishani, mguu wangu kwenye cherehani. Kwanza aliwasha moto mdogo akachoma ncha za nguzo, ile sehemu itakayozikwa, mpaka ikawa nyeusi kama mkaa, ili mchwa na unyevu visiile haraka. Akachimba mashimo ya kina cha goti na nusu, nguzo moja kila mwisho wa tuta na mbili katikati, akashindilia kwa mawe. Kwenye kila nguzo akapigilia vipande viwili vya mbao vilivyolala kama mikono iliyonyooshwa, kimoja kimo cha kiuno, kingine kimo cha kifua. Kisha akavuta nyaya kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, zikipita kwenye ncha za zile mbao. Zikawa nyaya nne: mbili upande wa ua, mbili upande wa kijumba, na fito katikati yake kama ng'ombe waliopita kwenye kichochoro. Ufito ukiegemea huku, unakuta waya. Ukiegemea kule, unakuta waya. Huhitaji kufunga kila ufito. Zile ndefu tu.

Niliposhika zamu ya kufunga, nilichukua mabaki ya vitambaa vya sare, nikaanza upande wa ua. Yeye alikuwa upande wa kijumba. Mstari ule ukisimama unafika juu ya kichwa, umejaa majani, na hapo ndipo nilipogundua jambo ambalo sikulitarajia. Tulikuwa tumesimama karibu, hatua mbili tu, na bado hatukuwa pamoja. Kulikuwa na ukuta. Nilimwona vidole na kofia, naye nadhani aliniona kilemba. Tukaanza kuongea kama watu ambao kila mmoja yuko kwake.

"Umefunga sana," aliniambia kutoka upande wa pili, akiwa amelegeza fundo langu. "Huu mti utanenepa. Acha kidole ipite."

Alinionyesha: kitambaa kinazunguka waya, kinapishana katikati, ndipo kinazunguka ufito, kama mtu aliyefumbata mikono kifuani. Hapo ufito hausuguani na waya. Nilifunga jingine. Akalifungua tena, akalifunga upya. Halafu mikono yake ikasimama kwenye majani.

"Mama yenu alikuwa ananifanyia hivi," alisema. "Nikifunga ndama, anangoja niingie nyumba, anafungua, anafunga yake. Miaka yote. Mimi najifanya sijui."

Nilifunga fundo lililofuata vibaya kwa makusudi, ili alifungue.

Kuanzia hapo tulikuwa na saa yetu, baada ya chai ya asubuhi. Kila siku kulikuwa na ufito mmoja wa kuinua au fundo la kulegeza. Alinieleza habari za mke wake kidogokidogo, mambo ya kuchekesha zaidi, na mimi nilimsikiliza nikiwa nyuma ya majani. Sahani zikaanza kurudi nusu. Halafu zikarudi safi. Siku moja mume wangu aliniletea ujumbe kwamba baba anasema ugali wa Kitale ni mdogo, kwani unga umeisha? Niliingia jikoni nikasonga mwingine nikiwa natabasamu peke yangu kama mtu aliyeokota kitu njiani.

Matunda ya kwanza yalipoiva, nilimwekea kibakuli. Alichukua moja, akaligeuza, akalitia mdomoni.

"Hii ni chakula ya ndege," alisema. "Mtu mzima atashiba lini?"

Hata hivyo kibakuli kilirudi kitupu, na cha kesho yake pia.

Tulifika Krismasi naye. Tukafika Januari. Mwezi wa pili nilikwenda Sirisia kwa dada yangu, alikuwa na maandalizi ya harusi ya binti yake, nikakaa huko siku tatu. Nilirudi Jumamosi mchana. Niliweka mizigo jikoni, nikaangalia dirishani, na kwa muda sikuelewa ninachokiona. Niliona nguzo. Niliona nyaya nne zinang'aa kwenye jua. Katikati yake hapakuwa na kitu. Nilitoka nje. Tuta lilikuwa limefagiliwa. Fito zote zilikuwa zimekatwa hadi usawa wa udongo, za kahawia na za kijani, zilizozaa na zilizokuwa zimeanza kutoa maua, kisha zikafungwa mafungu manne nadhifu na kuegemezwa kwenye ua. Baba mkwe alikuwa amesimama kando, panga mkononi, shati limelowa jasho, anameremeta.

"Karibu, mama," alisema. "Nimekusaidia kidogo. Angalia vile nimekata, hakuna kisiki imeinua kichwa. Mvua ikikuja itatoka mpya yote."

Ili umwelewe, lazima uijue miwa. Baba mkwe amelima miwa Bungoma tangu ujana wake. Miwa ikikomaa hukatwa yote, na mkataji mzuri hukata chini kabisa, kwa sababu kisiki kirefu hutoa machipukizi dhaifu. Ukiacha mabua yamesimama shambani, watu wanakuona mvivu. Yeye alikuwa ameona fito zimezaa, zimechakaa, kiangazi kimefika, na akafanya kile ambacho mtu mwenye bidii wa kwao angefanya. Alikifanya kwa usahihi kabisa. Hakubakisha hata moja.

Nilisema, "Asante, baba." Mdomo wangu ulisema hivyo. Uso wangu sijui ulisema nini, maana aliacha kumeremeta.

Mume wangu ndiye aliyemaliza kumvunja moyo. Aliporudi kutoka kazini alisimama mbele ya tuta, akasema kabla sijamshika mkono: "Baba! Umekata mpaka ile changa? Hata ile ya maua?"

Mzee aliangalia yale mafungu kwenye ua. "Kwani hii haikatwi?"

"Ilikuwa na maua, baba."

Halafu aliingia ndani, akafunga mlango.

Sahani ya jioni hiyo ilirudi nzima. Ya asubuhi pia. Jumapili baada ya kanisa mume wangu aliniambia baba amepanga nguo zake kwenye mfuko wa nailoni, mfuko uko mlangoni, na anataka kupelekwa steji Jumatatu, apande gari la Bungoma. "Anasema huku anaharibu tu. Anasema heri akae kwake, ambako akiharibu ni mali yake." Tuliangaliana. Kwake kulikuwa na ule mlango aliokuwa akikaa mbele yake kutwa.

Kwa kweli nilikuwa nimekasirika, sitakuficha. Nilikuwa nimezipenda zile fito. Lakini hasira ilikuwa ndogo kuliko hofu. Nilimpigia mwenzangu wa kwaya nikamweleza. Alicheka kwanza, halafu akaona mimi sicheki.

"Zote? Mpaka chini?"

"Mpaka chini."

"Sasa sikia," alisema. "Kuna aina inayozaa kwenye fito za mwaka jana peke yake. Hiyo ukiikata yote, mwaka mzima hupati kitu. Na kuna aina inayozaa hata kwenye fito mpya, juu kileleni. Lakini zote mbili, mizizi ikiwa hai, zinachipua."

"Yangu ni aina gani?"

"Mama, mimi huwa nachuma tu, na sijawahi kukata zote. Ngoja mvua ikwambie."

Jumatatu asubuhi nilitoka kabla ya mume wangu kumaliza chai. Mzee alikuwa mlangoni, amevaa koti, mfuko kando ya mguu. Nilikwenda nikasimama mahali pangu pa siku zote, upande wa ua. Hakukuwa na majani. Kati yangu naye zilibaki nyaya nne tu, na nilimwona mzima, naye akaniona mzima. Niliinamisha macho.

"Baba," nilisema, "ulinifunza kufunga. Sasa unaniacha na waya tupu?"

"Nimeharibu, mama."

"Hatujui kama umeharibu."

"Wewe unajua itatoka?"

Ningeweza kusema ndiyo. Lakini alikuwa mkulima kuliko mimi, angejua nadanganya. "Sijui," nilisema. "Mwenye kujua naye hajui. Ngojea mvua ya kwanza tu. Ikinyesha na hakuna kitu, mimi mwenyewe nitakubebea huo mfuko mpaka steji."

Alifikiria. "Mvua inaweza kukawia."

"Basi ikawie."

Alivua koti, akalikunja juu ya mfuko. Mfuko ulibaki mlangoni.

Mvua ilikawia kweli. Nilirudisha mabua juu ya tuta, na kila jioni nilimwagia maji niliyosuuzia nguo. Mzee hakusogea karibu. Alikaa upande wa pili wa kijumba, mgongo kwa tuta. Alikula nusu ya nusu. Mume wangu alirudi na habari zake za kazi, akamsimulia, na baba yake akasema "eeh" mahali panapostahili. Mimi nilikuwa nikishona huku nikiangalia mawingu yanakusanyika mlimani asubuhi na kutoweka mchana, siku baada ya siku, mpaka nikaacha kuyaangalia.

Halafu ikanyesha. Ilianza mchana, ikaendelea siku tatu, mabati ya kijumba yakipiga kelele hata simu haisikiki. Tuta halikutuamisha maji. Baada ya hapo kukawa na jua, kukawa na mvua, kukawa na jua. Sikwenda kuangalia. Niliogopa kuwa wa kwanza kuona kwamba hakuna kitu.

Nilikuwa katikati ya mshono wa sketi pale dirisha lilipogongwa kwa nguvu. Nilipoinua macho, baba mkwe alikuwa amesimama nje ya dirisha la jikoni langu, mahali ambapo hajawahi kufika tangu aje, kofia imepinda.

"Mama! Acha hiyo mashine. Kuja uone!"

Nilitoka na uzi mdomoni. Alinitangulia mbio, mzee yule, akasimama upande wake, mimi nikasimama wangu. Aliinama akafunua mabua kwa fimbo. Chini yake kulikuwa na vichwa vidogo vyekundu, vimekunja majani yake kama karatasi mtu aliyoifinya. Hapa kimoja. Hapa vitatu. Kule pembeni, saba kwa pamoja. Akasonga, akafunua tena. Vilikuwa kila mahali, vingine vimetoboa hata njia ninayopita na ndoo.

"Angalia hii," alisema. "Angalia hii nyingine! Hii haikufa hata dakika moja." Halafu akaonyesha kwa fimbo kizingiti cha kijumba chake, ambapo chipukizi moja lilikuwa limesimama kando ya jiwe la kukanyagia. "Mpaka mlango yangu! Hii kitu haina adabu kabisa."

Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikacheka, na machozi yakatoka, na uzi bado ulikuwa mdomoni. Yeye alijifanya anaangalia nguzo. Alinipa muda, kisha akakohoa.

"Sasa," alisema, "kuna chakula imebaki jana?"

Kulikuwa nacho. Nilimpashia, nikaongeza mayai mawili. Sahani ilirudi imepanguswa na kipande cha mwisho cha ugali.

Siku chache baadaye niliona mfuko wa nailoni umening'inizwa kwenye nguzo ya mwanzo. Nguo hazikuwamo. Ndani yake alikuwa ameweka vitambaa vyangu vya sare, amevikata urefu mmoja, tayari kwa kufungia.

Machipukizi yalikuwa mengi kupita kiasi. Hapo nikujulishe: usiyaache yote. Bakiza matano au sita yenye nguvu kwenye kila mche, mengine yang'oe na mizizi yake umpe jirani. Mwezi wa nane zile fito mpya zilitoa maua kileleni, halafu matunda, na nikajua hatimaye rasiberi yangu ni ya aina gani. Tulikuwa tumepoteza maua ya mwezi wa pili tu. Mzee alichukua machipukizi kumi, akayafunga kwa gunia lililoloweshwa, akaenda nayo Bungoma kuyapanda karibu na mlango wake. Nilipomwona anaondoka na koti, nilikwenda kuangalia kama mfuko bado uko kwenye nguzo. Alirudi siku ya nne.

"Nimerudi kabla hujafunga vibaya," alisema kutoka upande wa pili wa majani.

Yeye ndiye aliyetafuta dawa ya kosa lake, na mimi nafanya hivyo hadi leo. Ufito wa rasiberi kama yangu huzaa kileleni ukiwa mpya, halafu huzaa tena sehemu ya chini msimu unaofuata, ndipo hugeuka kahawia na kukauka. Huo ndio wa kukatwa, chini kabisa, kama muwa. Tatizo ni kwamba kiangazi kikifika na majani yakachakaa, ufito uliomaliza na ufito unaongoja hufanana machoni pa mtu mgeni mwenye bidii.

"Weka alama," aliniambia. "Mtu akikuja na panga, asiulize mtu."

Kwa hiyo weka vitambaa vyekundu, tofauti na vile vya kufungia, kwenye mfuko, utundike mfuko kwenye nguzo ya mwanzo. Siku utakapochuma tunda la mwisho la chini kwenye ufito, ufunge kitambaa kimoja palepale kabla hujaingia ndani. Msimu wa kukata ukifika, kata fito zenye kitambaa chekundu, na zisizo nacho uziache.